Waya wa Ardhi

Kwanza niliuvua betri waya wa hasi,
nikauvika soksi yangu usije ukarudi kinyemela.
Hilo pekee ndilo nililokuwa na hakika nalo
Jumapili ile, Coventry, nyuma ya maghorofa ya Hillfields,
mvua ikinyunyiza kama mtu anayepiga pasi.

Amplifaya niliinunua kwa kijana wa Bedworth,
pauni thelathini na tano, bila kasha, bila karatasi.
"Inafanya kazi," alisema, akafunga mlango
kabla sijauliza kazi gani.

Binamu yangu Hamduni, fundi wa kila kitu huko Mtwara,
aliniambia kwa simu: dakika arobaini, basi.
Saa ya tatu ilinikuta chali chini ya usukani,
miguu nje mvuani,
nasukuma waya mwekundu, mnene kama kidole cha mtoto,
upenye mpira wa ukuta wa injini.
Haukutaka. Niliubembeleza. Niliutukana.
Mwishowe nilinyoosha hanga ya shati langu la kazini,
nikaufunga nayo, ukaingia kama mgeni mwenye aibu.

Waya wa umeme upite kushoto,
nyaya za sauti zipite kulia,
kama mkwe na mkwewe: wakikutana kizani
ni manung'uniko safari nzima.

Noreen wa ghorofa ya chini akatoka na mwavuli,
akanikuta nachokoa ukingo wa mlango kwa bisibisi.
"Weka silaha chini," alisema.
Miaka kumi na tisa alishona viti kiwandani,
enzi mji huu ukitaga magari.
Akainama, magoti yakalia,
akapitisha vidole chini ya plastiki,
ta, ta, ta,
vibanio vikaachia kama vifungo
vya mtoto anayekwenda kuogeshwa.
"Tulivificha sisi," alisema, "ili nyinyi msivione."

Usiku ule ilipiga, lakini na mluzi.
Nikikanyaga mafuta, mluzi unapanda,
nikiachia, unashuka,
kana kwamba injini imejifunza kuomboleza.
Na redio, kila nikizima gari, inasahau:
stesheni, saa, hata jina langu
nililoliandika kwa vitufe viwili nusu saa nzima.
Kila alfajiri, kwake, ni saa sita kamili
na dunia ndiyo kwanza imeumbwa.

Kusahau kulikuwa rahisi kutibu.
Waya wa njano na waya mwekundu
kwenye gari hili wamebadilishana majina.
Nikazikata, nikazivusha, nikafunga tepu.

Mluzi ndio ulionikosesha usingizi.
Waya mweusi huitwa wa ardhi,
nami niliufunga kwa heshima zote, boliti imekaza,
chini ya zulia la buti, juu ya rangi safi ya fedha.
Rangi! Hamduni alicheka hadi simu ikakatika.
Akapiga tena: Kwangua, bwana.
Ardhi ya gari si udongo, wala si pale ulipopapenda.
Ni chuma kitupu. Rangi ni adabu tu.

Nikakwangua. Msasa, kisha ncha ya kisu,
vumbi la fedha likinijaa kuchani,
hadi pakang'aa duara la ukubwa wa peni,
jeraha la makusudi
kwenye gari pekee nililowahi kumiliki.
Iliniuma. Nikafunga.

Wimbo sikuchagua, mikono ilikuwa michafu.
Niligeuza ufunguo, na iliyotoka kwanza
ni sauti ya mwanamke akisoma hali ya barabara:
foleni kwenye mzunguko, lori limemwaga viazi
karibu na Nuneaton,
nzito, safi, kila neno
limeketi kifuani mwangu na hapo hapo mgongoni mwa kiti.
Nikakanyaga mafuta. Hakuna aliyelia.

Noreen akagonga kioo.
Nikadhani ni kelele, nikapunguza.
"Usipunguze. Sijasikia viazi vimeishia wapi."
Akazunguka, akafungua mlango wa pili, akakaa,
mwavuli ukichuruzika miguuni,
akapitisha kidole gumba kwenye mshono wa kiti,
polepole, akihesabu.